Sura ya Sita: Malipo ya Miaka Iliyopita

Mtu aliyepanda Land Rover katika nchi zetu za Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970, awe bwana shamba aendaye kukagua mikahawa, au askari wa wanyamapori, au mgonjwa aliyelazwa nyuma juu ya godoro akikimbizwa hospitali ya wilaya, aghalabu hakuwa na habari kwamba injini iliyonguruma mbele yake ilitoka katika kitongoji kimoja cha jiji la Birmingham, huko Uingereza, kiitwacho Acocks Green. Wala hakuwa na habari, siku ile serikali yake au kampuni yake au misheni yake ilipoanza kuagiza Toyota Land Cruiser, gari la Kijapani lililosifiwa kwa kustahimili mashimo ya njia zetu, kwamba uamuzi huo, ambao ulikuwa halali na wa busara, ungefika siku moja katika nyumba ya fundi asiyemjua, aliyekaa maelfu ya maili kutoka hapo. Tumezoea kusikia kwamba mashindano ya bidhaa za kigeni ni jambo linalotukia bandarini, meli inaposhusha shehena. Kumbe kiwanda kiuzacho dunia nzima chaweza kushindwa hata katika nchi ambazo wafanyakazi wake hawajapata kuzikanyaga, na hasara ikarudi kwao pasipo kontena hata moja kuonekana.

Acocks Green iko kusini mashariki ya kitovu cha Birmingham, kandokando ya barabara iendayo Warwick. Reli ilifika hapo mwaka 1852, ikawaleta watu wenye nafasi waliopenda kuchuma mjini na kulala penye hewa safi; mwaka 1911 jiji likapanua mipaka yake na kukimeza kijiji hicho pamoja na jirani zake; na kati ya vita viwili vikuu nyumba za halmashauri zikajengwa kwa wingi, zikajaa mafundi, makarani na wake zao. Ndipo mwaka 1936, serikali ya Uingereza ilipoona dalili za vita katika Ulaya, ikaanza kujenga viwanda vilivyoitwa viwanda vya kivuli, yaani majengo na mitambo iliyogharimiwa na dola lakini ikawekwa chini ya usimamizi wa kampuni za magari, ili siku ya haja itakapofika mikono iwe imekwisha kuzoea kazi ya injini za ndege. Kampuni ya Rover ilipewa kusimamia kiwanda cha Acocks Green, na kazi ya kutengeneza sehemu za injini za Bristol ikaanza huko mwaka 1937. Vita vilipokwisha, Rover ikahamishia makao yake Solihull, katika kiwanda kingine cha kivuli kilichokuwa kikubwa zaidi, na huko ndiko ilikobuniwa ile Land Rover iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya alumini kwa kuwa chuma kiligawiwa kwa kibali. Na Acocks Green ikawa mahali pa injini. Nayataja haya kwa sababu wako watu, hata leo, washikiliao kwamba serikali haina shughuli na kiwanda kinachokufa. Basi na isemwe pia ni nani aliyekizaa.

Kwa miaka mingi swali la kumsaidia mfanyakazi aliyepoteza kazi halikuulizwa kwa sauti katika Birmingham, maana aliyeacha kazi asubuhi katika karakana moja aliweza kupata nyingine kabla ya wiki kwisha. Hata hivyo mwaka 1965, chini ya serikali ya Harold Wilson, Waziri wa Kazi Ray Gunter alipitisha sheria ya malipo ya kupunguzwa kazini, ambayo kwa kweli ndiyo nguzo ya sura hii yote, kwa sababu msingi wake umebaki mpaka leo. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu aliyetumikia mwajiri mmoja kwa miaka miwili au zaidi, kisha kazi yake ikaondolewa si kwa kosa lake, ana haki ya kiinua mgongo kinachopimwa kwa umri, kwa mshahara na kwa miaka ya utumishi: nusu ya mshahara wa wiki kwa kila mwaka wa ujana wake, mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka wa utu uzima, na wa wiki moja na nusu kwa kila mwaka alioutumikia baada ya kutimiza miaka 41, ilimradi miaka inayohesabiwa isizidi 20. Aliyefika kileleni mwa mizani hiyo alipata mshahara wa wiki 30. Waajiri wote walichangia hazina moja, na kila mmoja alipopunguza watu alirudishiwa sehemu ya alicholipa.

Wanasheria wa wakati ule waliisifu, na mimi naikubali sifa hiyo kwa jambo moja: sheria haikumwuliza mtu ni nani aliyemnyang'anya kazi. Haikumtaka fundi wa injini athibitishe kwamba ni Mjapani, wala ni mtambo mpya, wala ni uzembe wa mkurugenzi. Ilimtazama yeye na miaka yake, ikampa haki yake akiwa mwungwana asiyeombaomba. Lakini fadhila hiyo ilibeba ila mbili ndani yake. Ya kwanza, fedha ile ilikuwa ni malipo ya miaka iliyopita, haikuwa na neno lolote kwa miaka ijayo. Mtu wa miaka 52 aliyejua kusaga vichwa vya silinda kwa kipimo kisichoonekana kwa macho alikabidhiwa hundi, akaambiwa kwaheri, na ujuzi wake ukabaki mkononi kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Ya pili, iliwapita watu ambao hawakuwa na miaka ya kuhesabu. Desturi ya vyama vya wafanyakazi ilikuwa kwamba aliyeingia mwisho hutoka kwanza, na walioingia mwisho katika Birmingham ya miaka ya 1970 walikuwa wahamiaji, miongoni mwao wenzetu kutoka Kenya na Uganda. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, watu zaidi ya 27,000 walipokewa Uingereza, na bodi iliyoundwa na serikali kuwapa makazi iliwasihi wasielekee miji iliyodhaniwa imejaa, kama Leicester na Birmingham. Wengi hawakusikia, kwa kuwa ndugu zao walikuwa huko. Wakaja na Kiswahili chao na Kigujarati chao, wakashika kazi za viwandani, na viwanda vikaanza kuyumba kabla hawajatimiza hata miaka miwili ya sheria.

Tetemeko kubwa la kwanza halikutokea Acocks Green yenyewe bali Small Heath, mwendo mfupi kwa basi. Huko ndiko kulikosimama kiwanda cha BSA, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, ambayo katika miaka ya 1950 haikuwa na mpinzani duniani kwa wingi wa pikipiki ilizotoa. Wakurugenzi wake walipoziona Honda ndogo zikiingia Marekani na Ulaya walijifariji kwa fikira kwamba Mjapani atabaki na vipikipiki vya wanafunzi, na kijana akishakua atatafuta chombo cha Kiingereza. Mwaka 1969 Honda ikatoa pikipiki ya sentimita za ujazo 750, yenye silinda nne na breki ya diski mbele, iliyowaka kwa kubonyeza kitufe na isiyodondosha mafuta sebuleni. Fikira ile ya faraja ikaisha hapo. Kufikia mwaka 1973 BSA ilikuwa muflisi kwa jina lingine. Serikali ya Conservative ikatoa karibu pauni milioni 4.9 ili kampuni za pikipiki ziunganishwe, na aliyekabidhiwa muungano huo, Dennis Poore, akatangaza kwamba kiwanda cha Triumph kilichoko Meriden, kati ya Birmingham na Coventry, kitafungwa.

Wafanyakazi wa Meriden hawakukubali. Walikikalia kiwanda tangu Septemba 1973, wakafunga malango, wakaota moto usiku kwa zamu msimu hata msimu, mpaka Labour iliporudi madarakani na Tony Benn akawa Waziri wa Viwanda. Benn, aliyeamini kwamba mfanyakazi aweza kuwa msimamizi wa nafsi yake, akawapatia mkopo wa pauni milioni 4.2 na ruzuku ya pauni 750,000, na mwaka 1975 ushirika wa wafanyakazi ukaanza kazi Meriden, ukadumu hadi mwaka 1983. Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi na watu wa mrengo wa kushoto kwa machozi ya furaha, nami sitaki kuwanyima furaha yao. Lakini msimulizi mwaminifu hawezi kuwasahau watu wa Small Heath. Wao, walio wafanyakazi vilevile, wenye kadi za vyama vilevile, waliupinga ushirika wa Meriden kwa uchungu, kwa hesabu iliyo wazi kabisa: soko la pikipiki za Kiingereza lilikuwa limesinyaa kiasi cha kutotosha viwanda vyote, na kila pauni iliyowekwa Meriden ilikuwa kuni katika jiko la jirani huku jiko lao likizimika. Hofu yao ilikuwa kweli. Eric Varley, aliyemfuata Benn katika wizara mwezi wa Juni 1975, alikataa kuongeza dhamana kwa kampuni ya Poore, na Small Heath ikafa. Mtu aliyeamka Acocks Green akapanda basi kwenda kuunganisha BSA akawa hana pa kwenda, na kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba yeye na wenzake hawakuwahi kulikalia lango lao mapema.

Hapo ndipo ninapoiona kanuni ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote, lakini imeongoza misaada ya namna hii tangu siku hizo: fedha za dola hufuata kelele. Kiwanda kikubwa kinachokufa mara moja, mbele ya wapiga picha, hupata waziri; karakana inayonyauka polepole hupata barua.

Mwaka ule wa 1975 ulijaa tadbiri za kila aina. British Leyland, iliyokuwa imekwisha kuimeza Rover, ilitaifishwa baada ya ripoti ya Lord Ryder kupendekeza imwagiwe fedha za umma zaidi ya pauni bilioni moja. Watengenezaji wa magari wa Uingereza na wa Japani wakakubaliana, kwa siri iliyojulikana na wote, kwamba magari ya Kijapani yasizidi takriban asilimia 11 ya soko la Uingereza. Na Wizara ya Ajira ikaanza kumlipa mwajiri pauni 10 kwa wiki, baadaye pauni 20, kwa kila mtu ambaye angeahirisha kumfukuza. Fedha hizo kwa sehemu kubwa ziliokoa wafumaji, washonaji na watengeneza viatu wa kaskazini, hata majirani wa Ulaya wakalalamika kwamba Uingereza inawahamishia wao ukosefu wake wa kazi, na mpango ukafungwa mwaka 1979. Hizo zote zilinunua muda. Muda ni kitu cha thamani, ila aununuaye lazima ajue atautumiaje, na katika Birmingham haukutumika kuwafundisha watu kazi nyingine.

Kulikuwa na sababu ya ajabu ya jiji kukosa kazi hizo nyingine. Tangu mwaka 1947 mwenye kiwanda aliyetaka kujenga au kupanua jengo kubwa alihitaji cheti cha serikali, na serikali, kwa nia njema ya kuzisaidia Scotland, Wales na kaskazini zilizoumia katika miaka ya 1930, ilivifanya vyeti hivyo viwe adimu katika Birmingham, jiji lililohesabiwa kuwa na neema kupita kiasi. Ndiyo maana Rover yenyewe ilifungua karakana Cardiff katika miaka ya 1960. Jiji likakatazwa kupanda mbegu za viwanda vipya wakati lilipokuwa na nguvu, likabaki na magari na vipuri vya magari, na magari yalipougua likaugua lote. Tena ramani ya maeneo yanayostahili msaada wa dola ilikuwa imechorwa Birmingham ikiwa nje yake, nayo haikubadilishwa mpaka Novemba 1984, baada ya miaka mitano ambayo katika muda wake eneo la West Midlands liliteremka kutoka miongoni mwa sehemu zenye kazi nyingi hadi miongoni mwa zile zenye foleni ndefu za wasio na kazi. Tajiri wa jana hakuaminika alipopiga mlango kuomba.

Katika miaka hiyohiyo Acocks Green ilipoteza injini zake. Pauni ya Uingereza ilikuwa imepanda thamani kwa ajili ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini na riba kubwa, kiasi kwamba mteja wa ng'ambo aliliona gari la Kiingereza limekuwa ghali bila kuongezewa hata msumari; soko la Afrika lilikuwa likielekea kwa Toyota; na Land Rover, iliyotengwa na kuwa kampuni yake yenyewe ndani ya British Leyland mwaka 1978, iliamua kukusanya kazi zake Solihull ili kubana matumizi. Karakana za pembeni, Acocks Green na Tyseley zikiwemo, zikafungwa moja baada ya nyingine. Baadhi ya watu walihamishiwa Solihull, ambako si mbali. Wengine wakachukua kiinua mgongo chao. Gari liliendelea kutengenezwa na jina lake likabaki juu, kwa hiyo hapakuwa na maombolezo ya taifa. Na mtu wa mbali akisoma historia ya Land Rover huona kufungwa huko kuwa ni ukurasa wa mafanikio, kampuni ikijipanga upya.

Linganisha na mambo ya Longbridge, upande wa pili wa jiji hilohilo. MG Rover, mabaki ya British Leyland ambayo BMW iliyauza kwa pauni 10 mwaka 2000, ilianguka mwezi wa Aprili 2005, na watu wapatao 6,000 wakakosa kazi kwa mkupuo. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekwisha kutangazwa. Kura zilipigwa tarehe 5 Mei. Serikali ilitoa kwanza mkopo wa pauni milioni 6.5 ili mishahara ya wiki moja zaidi ipatikane, kwa matumaini kwamba Wachina wa Shanghai, waliokuwa wakijadiliana na kampuni hiyo, wangerudi mezani, na tumaini hilo lilipokufa, ikatangaza msaada wa takriban pauni milioni 176, kati yake milioni 50 zikiwa za mafunzo. Washauri wa kazi waliletwa, vyuo vikafunguliwa milango, na viwanda vidogo vilivyoiuzia Rover vipuri, vilivyotapakaa katika eneo lote, vikapewa mikopo navyo. Nakiri kwamba kazi ile ilifanywa kwa ustadi, hasa kwa sababu matayarisho yalikuwa yameanza tangu hofu ya mwaka 2000, fedha zikatumika kuwafundisha wauza vipuri kutafuta wateja wengine kabla mteja mkubwa hajafa. Watafiti waliowafuatia wafanyakazi hao kwa miaka mitatu walikuta kwamba takriban tisa katika kila kumi wamepata kazi. Lakini walikuta pia kwamba kwa wastani mshahara wao umepungua kwa zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka. Hayo ndiyo matunda ya msaada uliokuwa bora kuliko yote ambayo jiji lile limepata kuyaona. Yule wa Acocks Green wa miaka ishirini nyuma hata hakufuatiwa akaulizwa.

Marekani ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1962 Rais Kennedy, alipoomba ruhusa ya kupunguza ushuru wa forodha, aliahidi kwamba mfanyakazi atakayeumizwa na bidhaa za kigeni atapewa posho na mafunzo, kwa hoja kwamba taifa zima likifaidi biashara huria si haki mzigo wake ubebwe na mtu mmoja. Hoja hiyo naiona kuwa sahihi kabisa, na ni hasara kwamba Waingereza hawakuikopa. Lakini tazama utekelezaji wake: masharti ya kuthibitisha kwamba ni ushuru uliopunguzwa ndio uliomwondoa mtu kazini yalikuwa makali hivi kwamba hadi mwaka 1969 hapakuwa na ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa, yakalegezwa mwaka 1974, na tarehe 1 Julai 2022 mpango ukaacha kupokea maombi mapya, Bunge likiwa halikuurefusha. Umoja wa Ulaya nao ulianzisha mfuko wake wa kuwasaidia walioumizwa na utandawazi, ukaanza kufanya kazi mwaka 2007. Uingereza ilikuwa mwanachama mwenye haki ya kuomba, na mpaka inatoka katika Umoja mwaka 2020 haikuwahi kuomba hata mara moja.

Sasa na tujigeukie sisi. Viwanda vyetu vya nguo, cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, vya Mwanza na Musoma, vya Kisumu na Eldoret, vilipambana na vitambaa vya Asia na mitumba ya Ulaya na Marekani, na vingi vikazima mitambo yake kwa miaka. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuikomesha mitumba katika muda wa miaka mitatu. Marekani ikatishia kuwafungia soko lake. Wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikaadhibiwa. Mjadala wote ulikuwa wa ushuru na masoko, na mfanyakazi akaachiwa sheria za kazi tu. Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa aliyepunguzwa malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa siku 7 kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 10, yaani siku 70 kwa mtu aliyekula ujana wake mbele ya mtambo mmoja. Ni sheria za ukoo uleule wa Uingereza ya 1965: hulipa jana, hunyamaza juu ya kesho.

Nawaomba basi wabunge wetu, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi ambao huamka tu siku malango yanapofungwa, waudai msaada wa namna ile iliyofanywa kwa wauza vipuri wa Longbridge, uanzao mapema, kiwanda kingali kinanguruma, na wauandike katika sheria kwa namna ambayo karakana ya watu 40 itaupata sawasawa na kiwanda cha watu 6,000, pasipo kungoja mwaka wa uchaguzi.